Kuondoa si Kutupa

Somo la maneno yenye maana karibu sawa

1. Maneno ndugu

Ndugu wa tumbo moja hufanana sura, lakini kila mmoja ana jina lake na tabia yake. Ukimwita mmoja, hatakiwi kuja mwingine. Maneno nayo ni vivyo hivyo. Yako maneno yanayofanana maana, hata mtu asiyesikiliza vizuri huyadhani kuwa neno moja tu. Lakini mwenye kusema vizuri huchagua lile linalofaa, kama seremala achaguavyo chombo chake. Seremala hapigi msumari kwa msumeno, wala hapasui ubao kwa nyundo.

Tazama maneno haya: kuondoa, kutoa, kutupa, kumwaga, kutema, kufuta, kung'oa, kuvua, kutua, kuacha, kufukuza, kufukia, kuzika, kutokomeza. Yote yasema jambo moja: kitu kilikuwa hapa, na sasa hakipo tena hapa. Lakini kila neno lina kazi yake, na mara nyingi moja haliwezi kushika mahali pa mwenzake.

Tena si jambo dogo. Neno likikosewa, mbegu za shamba zaweza kupotea, jina jema la mtu laweza kuharibika, na ugonjwa waweza kurudi kijijini. Soma, utaona.

2. Maharagwe ya mbegu

Mama mmoja wa Kivu alichagua maharagwe yake ya mbegu. Aliyatazama moja moja. Yale mazuri aliyaanika juu ya mkeka mbele ya nyumba, yapate kukauka kabla ya mvua za Septemba. Yale yaliyotobolewa na wadudu aliyaweka kando, chungu kidogo tu.

Alipokuwa akienda kisimani, aliona mawingu meusi yakija kutoka milimani. Akamwita binti yake kwa mbali: «Mwanangu, mvua yaja! Ondoa maharagwe yale!»

Binti alikuwa akisonga bugali. Hakutaka kuacha mwiko. Basi akamwambia mdogo wake: «Mama asema utupe maharagwe yaliyo nje.»

Mdogo wake alikuwa mtoto mtii. Akakunja mkeka, akauchukua mpaka jalalani nyuma ya nyumba, akamwaga maharagwe yote, mazuri pamoja na mabovu. Kuku wakakimbilia huko kwa furaha. Kisha mvua ikanyesha.

Mama aliporudi akauliza: «Maharagwe yako wapi?»

Mtoto akajibu: «Mama, nimeyatupa kama ulivyosema.»

«Nani alisema kutupa?»

Binti akainamisha kichwa. Mama hakupiga mtu. Akasema: «Mimi nilisema uyaondoe. Kuondoa ni kutoa kitu mahali kilipo. Sikusema yapelekwe jalalani. Safari hiyo umeiongeza wewe.» Halafu akafikiri kidogo, akasema tena: «Lakini na mimi nilisema nusu tu. Siku nyingine nitasema: Ingizeni maharagwe ndani.»

Wakaenda wote watatu jalalani kuokota. Walipata bakuli moja tu. Msimu ule mama alikopa mbegu kwa jirani, na wakati wa mavuno alirudisha mara mbili. Hivyo neno moja lililobadilishwa njiani lilikula sehemu ya chakula cha nyumba nzima.

3. Maulizo matatu

Kabla ya kuchagua neno la kuondoa, jiulize mambo matatu.

La kwanza: Kitu kilikuwa wapi? Kilikuwa ndani, juu, mdomoni, mwilini, au kilishikamana na udongo?

La pili: Kinakwenda wapi? Kwenda mahali pengine penye usalama, kwa mtu mwingine, au jalalani?

La tatu: Je, kitarudi? Mwenyewe atakitaka tena, au ameagana nacho kabisa?

Neno kuondoa lajibu ulizo la kwanza tu. Lasema kitu kimetoka mahali pake, basi. Mwalimu akisema «ondoeni madawati, tufagie», madawati hayatupwi. Yatarudi baada ya kufagia. Mama akisema «ondoa sahani mezani», sahani zitaoshwa na kutumiwa tena. Kwa hiyo mtu anayesema «ondoa» afadhali aseme pia mahali kitu kipelekwe. Na mtu anayeambiwa «ondoa», kama hajui, aulize: «Nipeleke wapi?» Kuuliza si aibu.

Neno kutupa lajibu ulizo la tatu. Lasema mwenyewe hakitaki kitu tena. Kweli mtu hutupa jiwe au mkuki pia, na hapo maana yake ni kurusha kwa mkono. Lakini ukisema «nimetupa viatu vyangu», watu wafahamu kwamba viatu vimekwisha kazi, na mwenye kuvitaka aweza kuviokota.

Wazee wana methali: Mtupa jongoo hutupa na mti wake. Maana yake, ukitaka kuagana na jambo baya, agana pia na kile kilicholibeba. Aachaye ulevi, aache pia njia ya kwenda kilabuni.

4. Kutoa na kutosha

Kutoa ni kufanya kitu kilichokuwa ndani kiwe nje. Twatoa vitabu sandukuni, twatoa maji kisimani, twatoa mwiba mguuni. Katika hisabu twasema: 8 toa 3, yabaki 5. Zile 3 hazikutupwa wala kuharibiwa. Zimetengwa tu na wenzake.

Tena kutoa ni kupa. Mtu hutoa zawadi, hutoa msaada, hutoa chakula kwa mwenye njaa. Kitu kinachotoka mkononi mwangu chaingia mkononi mwa mwingine. Ndiyo maana wazee husema: Kutoa ni moyo, si utajiri. Hakuna asemaye kwamba kutupa ni moyo! Shati lisilokuenea tena, ukilitupa, halimfai mtu. Ukilitoa, mdogo wako atalivaa. Shati ni lilelile, na nyumbani mwako limeondoka vilevile. Lakini neno limebadilika, kwa sababu tendo limebadilika.

Sasa angalia neno kutosha. Katika Katanga na Kivu watu wengi husema «tosha viatu», «tosha maji kwenye pipa». Maana yake ni kutoa. Neno hili lina mizizi yake. Kutoka kuwaka huja kuwasha, kutoka kuanguka huja kuangusha, na kutoka kutoka huja kutosha, yaani kufanya kitu kitoke.

Lakini pwani, kule Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, kutosha ni kuwa kadiri ya haja: «Chakula chatosha», maana yake hakuna haja ya kuongeza. Ukimwambia mtu wa Zanzibar «tosha viti», atashangaa, atauliza: «Vitoshe watu wangapi?» Kwa hiyo nyumbani sema kama wazazi wako wasemavyo, wala usione haya. Bali ukimwandikia mtu wa mbali, tumia neno kutoa, maana hilo lafahamika kila mahali.

5. Kila kitu na tendo lake

Maneno mengine huchaguliwa na kitu chenyewe.

Kumwaga ni kwa vitu vya majimaji, na kwa vitu vidogo vingi kama mchele, mchanga na maharagwe. Maji machafu humwagwa. Lakini mtu akitia maji polepole katika kikombe, husemi amemwaga, amemimina. Kumimina kuna uangalifu, kumwaga hakuna. Wazee husema: Maji yakimwagika hayazoleki. Ndivyo na siri na maneno ya hasira: yakitoka, hayarudi chunguni.

Kutema ni kutoa kitu kinywani kwa kupenda. Mtu hutema mate au kokwa la tunda. Kutapika si sawa. Mgonjwa atapikaye hakupenda, tumbo limemshinda. Usimwambie muuguzi «mtoto ametema dawa» kama kweli ameitapika. Mtoto aliyetema hakuimeza dawa hata kidogo. Aliyetapika alikuwa ameimeza. Muuguzi ataka kujua lipi limetokea, na baada ya muda gani, apate kuamua kama ampe tena au asimpe.

Kufuta ni kuondoa kilicho juu ya kitu, na kitu chenyewe kubaki. Twafuta maandishi ubaoni, na ubao wabaki. Twafuta vumbi mezani, na meza yabaki. Kwa hiyo husemwa pia kufuta deni: deni limekwisha, na urafiki wa watu wawili wabaki. Kupangusa ni karibu na kufuta, lakini hutumika zaidi kwa jasho, machozi na vumbi. Mama hupangusa machozi ya mwanawe.

Kung'oa ni kutoa kitu pamoja na mizizi yake. Twang'oa muhogo, twang'oa jino bovu, twang'oa magugu. Kukata si kung'oa. Mkulima akikata majani ya juu tu, shamba laonekana safi siku chache, kisha magugu yatokea tena kwa sababu mizizi ingali chini. Ndivyo na tabia mbaya. Mwizi aliyejificha hajaacha wizi. Ameukata juu tu.

Tena kuna maneno yanayofungua kazi iliyokuwa imefanywa. Tazama jinsi yanavyokwenda mawili mawili:

kufunga, kufungua
kuziba, kuzibua
kubandika, kubandua
kuezeka, kuezua
kuchomeka, kuchomoa
kuvaa, kuvua
kutwika, kutua

Neno la kwanza laweka, neno la pili laondoa. Neno la pili huishia kwa -ua au -oa. Ukilisikia, wajua kwamba kitu kiliwekwa kwanza na mtu. Bati lililoezuliwa lilikuwa limeezekwa. Mzigo uliotuliwa ulikuwa umetwikwa kichwani. Basi usiseme «nimetupa mzigo» kama umeutua tu kando ya njia ili upumzike. Mpita njia akikusikia, atadhani umeachwa, atauchukua! Wala usichanganye kuvua nguo na kuvua samaki. Sauti ni moja, lakini kazi ni mbili.

6. Maneno kwa ajili ya watu

Hapa ni sharti kuangalia zaidi, maana mtu si kitu.

Kufukuza ni kwa chenye uhai kinachoweza kwenda chenyewe. Twafukuza kuku jikoni, twafukuza nyani shambani. Mtu afukuzwaye huondoka kwa nguvu na kwa aibu. Kwa hiyo mgeni hafukuzwi. Mgeni huaga, na wenyeji humsindikiza mpaka njiani. Mwisho wa yote ni uleule: mgeni hayupo tena nyumbani. Lakini aliyesindikizwa atarudi kwa furaha, na aliyefukuzwa atasimulia habari mbaya ya nyumba ile.

Angalia pia mambo ya kazi. Mtu mmoja ameacha kazi: alipenda mwenyewe. Wa pili ameachishwa kazi: labda kazi imepungua, wala yeye hana kosa. Wa tatu amefukuzwa kazi: watu wafahamu kwamba alikosa jambo. Ukisema jirani yako «amefukuzwa», kumbe ameachishwa kwa sababu kiwanda kimefungwa, umemchafulia jina. Kesho akitafuta kazi mahali pengine, bwana wa kazi aweza kumkataa kwa ajili ya neno lako. Hukusema uongo kwa kusudi, lakini neno baya limekwisha kufanya kazi yake.

Kuacha na kutelekeza navyo si sawa. Mzazi humwacha mtoto kwa bibi yake akaenda sokoni, jioni atarudi. Kutelekeza ni kumwacha mtu uliyepaswa kumtunza, bila chakula wala msaada. Mzee akiachwa nyumbani saa moja, hakuna neno. Mzee akitelekezwa, ni aibu ya ukoo mzima.

Mwisho, kuna kufukia na kuzika. Shimo hufukiwa, takataka hufukiwa, mbwa aliyekufa hufukiwa. Mtu huzikwa. Kwa macho, kazi ni ileile: shimo, jembe na udongo. Lakini katika kuzika kuna jina la marehemu, kuna jamaa waliokusanyika, kuna sala na machozi. Mtu akisema «tulimfukia baba», wasikiaji wote watashtuka.

Jambo hili lilionekana wazi wakati wa ugonjwa wa Ebola. Mwili wa mtu aliyekufa kwa Ebola una hatari sana, na atakayeugusa bila kujikinga aweza kuambukizwa. Kwa hiyo ni sharti wazikaji waliofundishwa, waliovaa mavazi ya kujikinga, waushughulikie. Lakini jamaa wakiona ndugu yao apelekwa shimoni kama kitu, bila jina wala sala, huona uchungu, na wengine huficha maiti na kuizika kwa siri. Hapo ugonjwa huenea. Kwa sababu hiyo, mwaka 2014, Ebola ilipokuwa ikiua watu wengi katika Afrika ya Magharibi, Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa maagizo ya maziko yaliyo salama na yenye heshima: jamaa waelezwe kila jambo, wachague sala zao, wasimame kwa mbali wakishuhudia. Usalama peke yake ungekuwa kufukia. Heshima ndiyo iliyofanya kuwe kuzika.

7. Kuzuia, kumaliza, kutokomeza

Kuna ndugu watatu wengine ambao watu huwachanganya wanaposema habari za magonjwa.

Kuzuia ni kufanya ugonjwa usipite. Chandarua huzuia mbu wasimume mtu usiku, na hivyo huzuia malaria. Lakini mbu wangali wako nje. Chandarua kikitoboka, malaria yarudi.

Kumaliza ni kufika mwisho wa jambo moja. Kutokomeza ni kufanya kitu kitokomee, kisionekane tena popote duniani, kama magugu yaliyong'olewa mpaka mzizi wa mwisho.

Ndui ilitokomezwa. Ugonjwa huu uliua watu wengi sana zamani, na wengi waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine wakawa vipofu. Watu wa nchi zote walishirikiana kuchanja. Palipotokea mgonjwa, walichanja wote waliokuwa karibu naye. Mtu wa mwisho aliyeupata katika njia ya kawaida alionekana katika nchi ya Somalia mwaka 1977. Mwaka 1980 Shirika la Afya la Ulimwengu likatangaza kwamba ndui imetokomezwa. Jambo moja lilisaidia sana: ndui ilikaa katika watu tu, haikuwa na mnyama wa kuificha.

Sotoka, ugonjwa uliokuwa ukimaliza makundi ya ng'ombe, nayo ilitangazwa kuwa imetokomezwa mwaka 2011. Mpaka leo ni magonjwa hayo mawili tu yaliyostahili neno hilo zito.

Ebola je? Ugonjwa huu ulijulikana mara ya kwanza mwaka 1976, pale Yambuku katika Kongo, na pia katika Sudani. Tarehe 1 Agosti 2018 ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, ukafika Ituri na Kivu ya Kusini. Watu 3,470 waliugua, na katika hao 2,287 walikufa. Watu walichanjwa, wagonjwa walitunzwa, na tarehe 25 Juni 2020 ilitangazwa kwamba umekwisha.

Je, neno «umekwisha» lilikuwa na maana gani? Lilikuwa na hesabu ndani yake. Baada ya mgonjwa wa mwisho kupimwa na kuonekana hana tena virusi, watu husubiri siku 42. Kama hakuna mgonjwa mpya katika siku hizo, mlipuko ule husemwa kuwa umekwisha. Lakini kwisha si kutokomea. Virusi vya Ebola huweza kukaa katika wanyama wa porini, na popo hudhaniwa kuwa ndio wanaovificha. Tena vyaweza kubaki miezi mingi mwilini mwa wengine waliopona. Na kweli, Februari 2021 Ebola ilionekana tena katika Kivu ya Kaskazini, mpaka ilipotangazwa kwisha mwezi wa Mei mwaka uleule.

Fikiri sasa. Mtu aliyesikia «umekwisha» akadhani «umetokomezwa», angeacha kunawa mikono, angeokota mnyama aliyekufa porini, asingekwenda upesi kwa muuguzi anaposikia homa. Lakini mtu aliyefahamu neno vizuri alifurahi na wenzake, huku akiendelea kujihadhari.

Na kwa yule aliyepona, ni neno gani lifaalo? Hafukuzwi, hatelekezwi, hatengwi na wenzake shuleni. Hupokewa nyumbani, na waganga huendelea kumpima na kumshauri. Ugonjwa huondolewa, mtu huwekwa mahali pake.

8. Yakumbukwe

Kuondoa: kutoa kitu mahali kilipo. Sema kipelekwe wapi.
Kutoa: kutoka ndani kuja nje, tena kupa.
Kutupa: kuagana na kitu kisichotakiwa tena.
Kumwaga: maji na nafaka, bila uangalifu.
Kufuta: kilicho juu chaondoka, kitu chenyewe chabaki.
Kung'oa: pamoja na mizizi.
Kutua: kuweka mzigo chini; waweza kutwikwa tena.
Kufukuza: kwa nguvu, chenye uhai.
Kutelekeza: kumwacha mtu aliyepaswa kutunzwa.
Kufukia: takataka. Kuzika: mtu.
Kumaliza: mwisho wa jambo moja. Kutokomeza: kisionekane tena duniani.

Maulizo

1. Kwa nini mtoto alimwaga maharagwe jalalani? Nani alibadili neno la mama?
2. Mama alisema atatumia neno gani siku nyingine? Kwa nini neno hilo ni bora?
3. Kutosha kuna maana gani katika Katanga? Na Zanzibar?
4. Kwa nini muuguzi ataka kujua kama mtoto ametema dawa au ameitapika?
5. Eleza tofauti ya kuacha kazi, kuachishwa kazi na kufukuzwa kazi.
6. Kwa nini ndui iliweza kutokomezwa? Kwa nini kazi hiyo ni ngumu zaidi kwa Ebola?
7. Siku 42 zahesabiwa tangu lini? Za nini?

Mazoezi

A. Tia neno linalofaa: kufuta, kung'oa, kumwaga, kutua, kusindikiza, kuzika, kufukia.

1. Mwanafunzi wa zamu ameambiwa ______ ubao.
2. Baada ya kula, twapenda ______ mgeni mpaka kivukoni.
3. Amechoka, ataka ______ mzigo wa kuni.
4. Kukata magugu hakutoshi. Ni sharti ______.
5. Kijiji kizima kilikuja ______ mzee wetu.
6. Tumechimba shimo ______ takataka.
7. Usithubutu ______ maji machafu karibu na kisima.

B. Andika neno la kuondoa linalotokana na haya: kufunika, kupanga, kukunja, kutega. Kisha tunga sentensi moja kwa kila neno.

C. Tazama vitu vitano nyumbani mwenu ambavyo havitumiki tena: gunia kuukuu, nguo fupi, chupa tupu, maganda ya ndizi, au vingine. Kwa kila kimoja andika tendo lifaalo: kukitupa, kukitoa kwa mtu, kukifukia shambani kiwe mbolea, kukiuza, au kukiweka. Andika pia sababu yako kwa maneno machache.